Kabla hujanuna kwa skrinshoti, omba mazungumzo yote

Juzi usiku dada mmoja msomaji wangu aliniandikia, katumiwa skrinshoti ya mdogo wake akisema "dada anajifanya anajua kila kitu", sasa ni wiki ya tatu hawasalimiani na anataka nimwambie asamehe au akate mguu kabisa. Nikamuuliza swali moja tu, kabla ya hayo maneno palisemwa nini na baada yake palisemwa nini? Akajibu hajui, picha ina mstari mmoja. Wiki tatu za kununiana kwa mstari mmoja jamani! Niliumia, manake hiyo njia nimeipita.

Miaka sita iliyopita nilikuwa naongoza timu ndogo kazini. Tulikuwa tunakesha kwelikweli, watu wanaumwa na bado wanakuja, basi usiku mmoja nikamwandikia mwenzangu niliyekuwa namwamini sana, nikamtumia meseji tatu mfululizo. Ya kwanza: "Mi siwezi kuendelea na hii timu." Ya pili: "Yaani hivi ilivyo, bila mapumziko, tutawaua hawa watu." Ya tatu: "Kesho naenda kwa bosi kuwaombea." Asubuhi kabla sijaingia kwa bosi, bosi keshatumiwa picha, na kwenye picha ipo ile ya kwanza peke yake. Vikao vilivyofuata naviruka, mwisho wake nikaondolewa kwenye uongozi na nafasi akapewa huyohuyo aliyetuma picha. Nilipowaonyesha zile meseji mbili zingine wakaona najitetea. Inaniuma mpaka leo, sitawadanganya.

Kilichonimaliza nguvu ni kwamba mule ndani hamkuwa na uongo. Uongo ungekanushika, lakini nitakanushaje maneno yangu mwenyewe?

Baadaye nikasoma habari ya Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, dola la Wajerumani la zamani, nikatulia kidogo, nikaona kumbe hata mataifa yameingizwa vitani kwa mtindo huu. Julai 13, 1870 balozi wa Ufaransa alimfuata mfalme Wilhelm wa Prussia alikokuwa amepumzika, mji wa Ems, akimtaka aahidi kwamba hakuna mtu wa ukoo wake atakayegombea tena kiti cha ufalme wa Hispania. Mfalme akakataa kwa adabu tu. Telegramu ndefu ya kueleza yaliyotokea ikatumwa Berlin kwa Bismarck, naye akaifupisha na kuitoa kwa magazeti, na kwa ule ufupi wake Wafaransa wakasoma kwamba balozi wao kafukuzwa na Waprussia wakasoma kwamba mfalme wao kavunjiwa heshima. Siku sita baadaye, Julai 19, Ufaransa ikatangaza vita. Bismarck alikuwa anaitaka hiyo vita, na ile adabu ya mfalme ingeikwamisha, ndo maana ikakatwa. Kwa hiyo ukiletewa kipande jiulize kwanza, huyu aliyekata alikuwa anataka nini?

Sasa na mimi nikiri langu. Mwaka mmoja kabla ya hayo yote niliandika ripoti kwamba makosa ya zamu fulani "yameongezeka mara mbili". Kweli yaliongezeka, kutoka matatu hadi sita, ila hiyo zamu ilikuwa imeongezewa kazi mara nne na hilo sikuliandika, nilikuwa na haraka na sentensi ilikuwa inapendeza. Kijana aliyesimamia ile zamu alisemwa vibaya mbele za watu. Nilimwomba msamaha, nilichelewa sana.

Hiyo "mara mbili" ndugu zangu iogopeni. Oktoba 1995 Uingereza kamati ya usalama wa dawa ilionya kwamba aina mpya ya vidonge vya uzazi wa mpango inaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili, na habari ikasambaa hivyohivyo. Hatari yenyewe ilikuwa imetoka kama mwanamke 1 kati ya 7,000 kufika 2 kati ya 7,000. Wanawake wengi wakaacha vidonge kwa hofu, na inakadiriwa mwaka uliofuata England na Wales ziliongezeka mimba zilizotolewa kama 13,000. Wangeambiwa tu "kati ya wangapi", wangapi wangetulia na kwenda kumuuliza daktari?

Basi tubadilike. Ukipewa namba uliza kati ya ngapi, na zamani ilikuwaje. Ukipewa maneno uliza yametanguliwa na nini na aliambiwa nani, klipu ya sekunde kumi tafuta ile ndefu, picha ya tukio uliza ni ya lini. Na kama huwezi kupata kizima basi usisambaze, nyamaza nacho, hakuna atakayekulaumu kwa kunyamaza. Watu wanasema hawana muda ila muda wa kununa wiki tatu wanao! Heshima ya mtu ni kitu kikubwa, usiimalize kwa kidole kimoja kwenye simu.

Yule dada kaniandikia tena leo asubuhi. Alimwomba aliyemtumia ile picha amtumie na mazungumzo mengine, akaambiwa yameshafutwa. Nimemwambia aachane naye, ampigie mdogo wake mwenyewe leo hii.