Vijana, Msitupe Daftari la Mahudhurio

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, aliniandikia ujumbe saa sita usiku. Alianza na "Habari ya usiku, mama." Nina miaka 38. Nilikuwa bado najihesabu katika kundi la madada, lakini tuyaache hayo. Aliniambia wana kikundi cha vijana kinachowatetea watoto wanaofukuzwa shuleni kwa sababu ya pesa, sasa ni mwaka wa tatu, na mambo yao yote yako WhatsApp. Jumanne katibu wao akaporwa simu stejini. "Tunaanzia wapi?"

Nilimjibu mistari mitatu ya haraka nikalala. Asubuhi dhamiri ikanisuta, maana mwezi huohuo daftari kuukuu la kikundi chetu lilikuwa limefanya kazi ambayo mawakili walishindwa kuifanya. Basi jibu lenyewe hili hapa. Nawe unayesoma najua una kikundi chako, ama ulikuwa nacho, ama unataka kukianzisha. Keti.

Sisi tulianza Mathare mwaka 2006. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, kazi hakuna, chuo ni ndoto, tukaanza kufundisha watoto hesabu kila Jumamosi katika kanisa la mabati. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imetangazwa Januari 2003, na serikali ikisema inatuma shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Lakini watoto wetu wa Jumamosi walikuwa wanatuambia mengine. Huyu amerudishwa nyumbani kwa pesa ya mlinzi. Yule hana ya karatasi za mtihani. Mwingine ameambiwa aje na dawati lake. Na wengi zaidi hawakuwa hata katika shule ya serikali, kwa sababu shule zenyewe zilikuwa chache na zimefurika, kwa hivyo mama alilipa shule ya mabati pale kichochoroni huku akisikia redioni kwamba elimu ni bure.

Tukaanza kuhesabu. Nani amefukuzwa, siku gani, kwa shilingi ngapi. Mimi nikafanywa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na, tuseme ukweli, kwa sababu nilikuwa msichana. Wavulana walitaka kusema, si kuandika. Nilinunua kaunta buku Juja Road, lile la jalada gumu, nikapiga mistari kwa rula: jina, kijiji, sahihi. Kila Jumamosi lilizunguka ukumbini kama sahani ya sadaka. Watu walinung'unika. "Katibu, si unatujua wote?" Nawajua, weka sahihi.

Miaka ya katikati nairuka. Ilikuwa mikutano, barua kwa afisa wa elimu, kungoja jibu, chai ya rangi, mikutano tena. Tulishinda mara mbili tatu kuhusu orodha za basari za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo la ubunge, tukishinikiza zibandikwe ukutani kwa chifu ili kila mzazi asome. Tulishindwa mara nyingi zaidi.

Lakini kuna ukurasa mmoja siwezi kuuruka. Kikao cha mwisho cha 2007 kina sahihi 31. Kikao kinachofuata katika daftari ni cha wiki ile ambayo Kibaki na Raila walitia sahihi mkataba wao wa kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa Februari 2008. Kina sahihi 11. Na chini yake, kwa mkono wangu mwenyewe, nimeandika: "Kikao kilikuwa kifupi. Wengi hawakufika."

Basi. Hayo tu.

Sikuandika kwa nini hawakufika. Sikuandika kwamba wenzetu walikuwa wamefukuzwa nyumba walizozaliwa, wengine wakahama ng'ambo ile ya mto kwa watu wa kabila lao, na hawakurudi. Sikuandika kwamba wawili kati ya wale 11 walitukanana siku hiyo, kila mmoja kwa lugha ya mama yake, watu waliokuwa wakifundisha darasa moja kwa zamu. Niliogopa daftari. Niliona nikiliandika litakuwa kweli. Leo kila mmoja wetu ana hadithi yake ya kikao kile, na zote hazifanani, na katibu aliyepaswa kuamua aliandika maneno matano. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, kijana wa Mukuru: andikeni na ugomvi. Si matusi yenyewe, lakini andikeni kwamba mligombana, juu ya nini, na nani aliondoka. Kikundi kisicho na ugomvi katika kumbukumbu zake ni kikundi ambacho katibu wake ni mwoga. Nasema kwa uzoefu.

Ushauri wa pili umenigharimu zaidi. Usiazime mtu nakala asilia. Hata kama ana gari. Hasa kama ana gari. Mwaka 2011 walikuja wageni wa shirika fulani, watu wa maneno matamu na soda baridi, wakapenda picha zetu. Tulikuwa na albamu moja, picha za kusafisha zile za kupeleka studio, maandamano yetu ya 16 Juni ya kila mwaka. Siku ya Mtoto wa Afrika tuliichukua kama sikukuu yetu, maana wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walikuwa wakidai jambo la darasani kama sisi. Wageni wakasema wataziskani na kuzirudisha Ijumaa.

Ijumaa hiyo haijafika.

Baadaye nikaiona ripoti yao, karatasi zinang'aa. Ukurasa wa ndani kuna picha yetu tukiwa na mabango, na maelezo chini yake: vijana wa mtaa wa mabanda. Hakuna jina la kikundi. Hakuna jina la mtu. Mimi mwenyewe nimo, nimetoa mgongo. Nilijitambua kwa sweta ya mistari. Mwenyekiti wetu wa wakati huo alipandishwa ndege kwenda kuongea kwenye kongamano, na mpaka leo akisimama mahali anajitambulisha kuwa yeye ndiye mwanzilishi, kana kwamba wale wengine 30 tulikuwa viti. Sina kinyongo.

Ninacho kidogo.

Madaftari yaliyobaki niliyatia katika katoni ya mafuta ya kupikia, nikaisukuma chini ya kitanda cha mama. Nikaolewa, nikahama, nikayasahau. Ndipo yakaja mafuriko ya Aprili 2024. Maji yaliingia kwa mama usiku. Aliokoa mjukuu, godoro na jiko, kwa mpangilio huo, na siwezi kumlaumu. Nyumba yenyewe ikabomolewa Mei, wakati serikali iliposema walio ndani ya mita 30 za mto waondoke. Nilipofika kumsaidia kuhama niliikuta katoni imekuwa uji.

Madaftari matatu yaliingia katika katoni ile. Yalitoka mawili.

La kwanza nililiharibu mwenyewe kwa ujuaji. Nililianika juani, kurasa zikajikunja na kugandana kama chapati za jana. Kurasa ishirini hivi zilikwenda hivyo kabla sijauliza. Karatasi iliyolowa inakaushwa kivulini penye upepo, polepole. Nilitia magazeti makavu kati ya kurasa, Taifa Leo za wiki nzima, nikawa nabadilisha kila jioni nikitoka kazini. Feni niliazima kwa jirani. Mume wangu alidhani nimerogwa.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sijakisoma popote: biro haiogopi maji sana, ila kalamu ya felti inakimbia. Wote walioandika kwa biro ya shilingi kumi majina yao yapo, yamepauka kidogo lakini yapo. Mwenyekiti alipenda felti ya kijani, sahihi kubwa yenye mkia. Kurasa nzima zina wingu la kijani mahali pake. Sikucheka. Haya, nilicheka.

Sasa nije kwenye lile la mwezi uliopita, ambalo kusema kweli ndilo lililonikalisha kuandika. Shule moja ya msingi ya huku kwetu, siitaji, uwanja wake umekuwa ukiliwa pole pole. Kwanza vibanda, kisha ukuta wa mtu, kisha mtu akaja na makaratasi. Watu wa Nairobi hatujasahau Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipotupiwa vitoa machozi kwa kuusukuma ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao. Kwa hivyo wazazi walipoitwa mbele ya kamati walifika wengi, na walisema kwa uchungu, na kamati ikauliza swali moja: uwanja ulikuwa unafika wapi, na mna kitu gani cha kuonyesha? Kimya.

Mimi nilikuwa nyuma na mfuko wa sandarusi mapajani. Jumamosi moja ya 2009 kikundi chetu kiliupima ule uwanja. Hatukuwa na vifaa; tulitumia kamba ya kuanikia nguo ya mama ya mwenzetu, tukaifunga fundo kila baada ya mita tano. Nimeandika kila kitu, kwa sababu siku hiyo sikuwa na la kufanya ila kuandika: nani alishika kamba upande gani, kutoka mti wa jakaranda mpaka kona ya choo cha wasichana, mafundo mangapi, na kwamba tulisimama kwa muda mvua iliponyesha. Nikaisoma mbele ya kamati. Wakasikiliza kwa adabu, sura zao zikisema kwamba watoto wa mtaa na kamba si wapimaji ardhi.

Kisha mmoja wao akaomba kuona daftari lenyewe, akalifungua, akawa anashuka na kidole kwenye orodha ya mahudhurio. Akasimama kwenye jina la tisa. Lilikuwa la naibu wa mwalimu mkuu wa wakati huo, pamoja na cheo chake, sahihi, na muhuri wa shule, kwa sababu yule mzee alikuwa mtu wa taratibu na alikuwa akitembea na muhuri mfukoni kama wengine wanavyotembea na ugoro. Mtumishi wa serikali alikuwepo, alishuhudia kipimo, akagonga muhuri. Sikukumbuka kabisa kwamba alikuja siku hiyo. Daftari lilikumbuka.

Hatujaurudisha uwanja. Kamati imeagiza mpimaji aende upya na kazi ya ukuta isimame. Lakini kazi ya ukuta imesimama kwa sababu ya ukurasa uliochosha kuliko zote. Hotuba zetu kali hazikuulizwa. Mabango hayakuulizwa.

Kwa hivyo vijana, acheni kudharau orodha. Andika tarehe, na mwaka pia, si "Jumamosi" tu. Andika majina kamili na vyeo vya wageni. Picha andika nyuma kwa penseli: nani, wapi, lini, maana miaka kumi ikipita hutawajua hata uliokula nao. Pini za stepla zitoe, zinashika kutu na kula karatasi. Selotepu usiiguse. Risiti zile za mashine ya dukani zinafutika zenyewe, zipige fotokopi mapema. Na WhatsApp si kabati. Kila mwisho wa mwezi hamisha mazungumzo, uyatume kwenye barua pepe ya kikundi, na maamuzi yaandikwe kwa mkono katika daftari. Nimesema andika tarehe? Andika tarehe.

Najua utaniambia juu ya Juni 2024. Vijana wengi walifuta simu zao baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na walikuwa na sababu; watu walikuwa wanachukuliwa majumbani. Siwezi kumwambia mtu atunze kinachoweza kumtia mashakani. Lakini kuna tofauti kati ya kuficha na kuchoma. Mpe mtu wa mbali. Na majina ya watoto msiyaache wazi hata kidogo: mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya karo hataki kukutana na jina lake mtandaoni akiwa mtu mzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kwamba nia yako ilikuwa njema. Sisi tulitumia namba, na ufunguo wa namba ukakaa kwenye daftari jingine.

Kuna siku nilikwenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki zamani za mkoloni. Wengi wetu tunalijua kama mahali pa kungojana tu. Nilitaka kusoma kuhusu shule za kujitegemea za Wakikuyu, na chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa 1939 kwa michango ya wanakijiji, kisha kikafungwa 1952 na Waingereza wakapageuza mahali pa kunyongea watu. Walinihudumia vizuri. Lakini faili niliyoletewa ilikuwa imeandikwa na upande uliofunga. Ukurasa baada ya ukurasa, afisa anaeleza wazazi walitaka nini, kwa Kiingereza safi, kwa taipu, na tarehe kila mahali. Wale walikuwa hodari wa tarehe. Nilikaa na ile faili nikijiuliza katibu wa kamati ya wazazi alikuwa nani, na daftari lake liliishia chini ya kitanda cha nani.

Kijana wa Mukuru, Jumamosi hii nitakuwa Maktaba ya Kaloleni kuanzia saa nne. Njoo na huyo katibu wenu aliyeporwa, na mje na kaunta buku jipya. Tutaanza na yale mnayoyakumbuka, mkiwa bado mnayakumbuka sawasawa.

Na jambo moja kwa wale wa zamani, ikiwa mnasoma. Daftari letu la tatu, jalada jekundu, 2010 mpaka 2012, halikuwa ndani ya katoni nilipoifungua, na sidhani ni maji yaliyolichukua. Mtu aliliazima. Hatutauliza maswali. Angalia juu ya kabati la mama yako, angalia kwenye sanduku la shule. Lina alama ya chai kwenye ukurasa wa kwanza, na hiyo chai niliimwaga mimi.