Kujua umri wa mbwa wa kuokota

Mkuu, umeuliza utajuaje umri wa huyo mbwa uliyemkuta getini. Anza na meno. Mbembeleze kwanza, kisha mfunue mdomo taratibu. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, membamba na makali kama sindano. Akifika miezi 3 au 4 yale ya mbele huanza kung'oka, na kwenye miezi 7 hivi anakuwa na 42 ya ukubwani. Ukikuta chonge kubwa, nyeupe pe, bila ukoga, huyo yuko karibu na mwaka mmoja.

Zaidi ya hapo ni kukadiria. Mbwa wangu alikuwa na chonge zilizosagika utadhani kizee, kumbe ni mazoea ya kung'ata waya wa banda. Mvi za mdomoni nazo zisikudanganye, wengine huziota mapema mno. Mimi naamini zaidi macho: mtazame kwenye mwanga, ukungu wa kibuluu ndani ya mboni kwa kawaida huonekana kuanzia miaka 6 au 7.

Ila chanjo ya kichaa cha mbwa isisubiri hesabu hizi. Kama meno ya ukubwani yameshatoka, mpeleke wiki hii hii.