Barua kwa mwanangu: kambi ya babu yako kule Muheza

Mwanangu, meseji yako nimeiona na picha ulizopiga ulipopita Muheza, unauliza mbona kambi ya shamba la mkonge niliyozaliwa imebaki magofu na vichaka, watu wote walienda wapi. Wengi watakwambia nailoni, yani kamba za plastiki, ndo imeua mkonge. Kweli, ila haitoshi.

Babu yako hakua mtu wa Tanga, ni Muha wa Kasulu alokuja manamba, yani kibarua wa mkataba, enzi za mkoloni, majirani zake Wamakonde, Wabena, Warundi, yani kambi nzima hakuna mwenye kaburi la bibi yake pale. Mkonge wenyewe mgeni, Hindorf yule Mjerumani aliuleta 1893, miche iliyofika hai 62 tu! Kufikia 1964 nchi inatoa kama tani 230,000.

Mi nakumbuka king'ora cha korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, alfajiri, wazee wanatoka na mapanga giza bado, majani 30 unafunga mzigo mmoja unapanga kando ya reli ya trola, mikono ya babu yako makovu matupu kwa ile miba ya ncha. Singa, zile nyuzi za mkonge, zikianikwa kwenye waya jua likipiga huwezi kuziangalia, ila harufu ya maji ya korona sasa, hapo chakula hakipiti haha.

Basi bei ikashuka, 1967 serikali ikachukua mashamba mengi, mashine zikachakaa spea hakuna, miaka ya tisini nchi nzima inatoa kama sehemu moja ya kumi ya ule mkonge wa zamani. Sasa kijiji kingine zao likianguka bei mtu analima mahindi yake maisha yanaenda, sisi nyumba ya shamba, ardhi ya shamba, mpaka bomba la maji la shamba, babu yako alikua na mihogo michache nyuma ya jiko basi. Korona iliponyamaza wangebaki wanakula nini? Wengine wakarudi Kigoma, wengine Tanga mjini, sisi ndo tukaja Dar, na mshahara wa mwisho mzee hakuuona.

Kwa iyo hicho kiwanja unachouziwa karibu na reli usitoe hela kwanza. Karatasi ya mwenyekiti wa kijiji haitoshi, eneo kubwa pale lilikua na hati ya shamba, nenda ofisi ya ardhi wilayani wakuangalizie hati ina jina la nani na kama imefutwa. Ukishajua nipigie, mama'ko anakusalimia.

Baba'ko