Wasomaji Wanauliza: Kizuizi cha Wapendanao Kinatoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika sura kumi na mbili za riwaya ya mapenzi inayotokea Uingereza katika miaka ya 1830. Rafiki yangu amenirudishia mswada akisema kwamba yote yanayowatenganisha wapenzi wangu yangekwisha endapo wangeketi na kuzungumza kwa dakika tano. Nimeusoma upya na ninakiri kwamba amesema kweli. Mgogoro wenye uzito hutoka wapi, na ilhamu yenyewe huanzia wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amekutendea wema mkubwa, kwa maana kasoro aliyoitaja ndiyo inayoziangusha riwaya nyingi za aina hii: wahusika wamevikwa mavazi ya kale na kupandishwa magari ya farasi, lakini kinachowatenganisha ni kutoelewana ambako kungeweza kutokea mwaka wowote na mahali popote. Jiulize swali hili kabla ya kuandika sura nyingine: ni jambo gani ambalo watu hawa wawili, hata wakipendana kwa dhati na kuambiana kila kitu, zama zao haziwaruhusu kulipata bila kupoteza jingine?

Tuanze na miaka uliyoichagua wewe mwenyewe. Kabla ya mwaka 1840, ulipoanza utaratibu wa kulipa peni moja kwa barua popote ndani ya nchi, gharama ya posta nchini Uingereza kwa kawaida ililipwa na mpokeaji, nayo ilipanda kadiri ya umbali na idadi ya karatasi. Mfikirie binti asiye na fedha zake mwenyewe. Barua ya mpenzi wake imefika mlangoni, mpeleka barua amenyoosha mkono akisubiri malipo, na hakuna wa kulipa ila baba, ambaye akishalipa hawezi kukosa kuuliza imetoka kwa nani. Hapo huhitaji barua iliyopotea wala mtumishi mwenye hila; posta peke yake imekupa tukio, mashahidi na aibu.

Sheria ya mali ina makali zaidi, na mimi huona kwamba waandishi wengi huipita haraka mno. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, na hasa hadi sheria ya mwaka 1882, mwanamke wa Uingereza alipoolewa, fedha na vitu vyake kwa kawaida viligeuka kuwa vya mumewe, isipokuwa kwa familia zenye uwezo zilizotangulia kuviweka mikononi mwa wadhamini kwa mkataba. Sasa mpe mhusika wako kiwanda kidogo cha uchapaji alichoachiwa na marehemu mumewe, kisha mlete mbele yake mwanamume mwema kabisa, mwenye kumpenda na asiyetamani mali yake hata chembe. Akimkubali, mtambo, herufi za madini ya risasi sandukuni na fedha za kazi iliyokamilika jioni ile vyote vinakuwa vya mume. Anajua kwamba huyu hatamdhulumu. Anajua vilevile kwamba kuanzia siku ya harusi atakuwa akiishi kwa hisani, hata kama hisani hiyo haitakoma kamwe, na mwanamume naye anaumia kwa kuwa anaombwa uthibitisho ambao hakuna maneno yanayoweza kuutoa. Wape dakika tano au wape usiku kucha wa kuzungumza: kukicha, sheria iko palepale.

Kuhusu ilhamu, ninakusihi uwaache kwanza wafalme na vita, ukatafute kitu kidogo kilichowahi kushikwa na mkono wa mtu. Foundling Hospital ya London, iliyoanza kupokea watoto walioachwa na wazazi mwaka 1741, ilihifadhi pamoja na karatasi ya kila mtoto alama ambayo ingemtambulisha endapo mzazi angerudi, na mara nyingi alama hiyo ilikuwa kipande cha kitambaa. Mwaka 1767 mama mmoja aliacha kipande kilichoungwa kwa viraka vya nguo mbalimbali, kikiwa kimetariziwa moyo kwa uzi mwekundu. Moyo ule ulikatwa katikati, nusu ikabaki na karatasi ya mtoto na nusu akaondoka nayo. Alirudi mwaka 1775 akampata mwanawe. Hilo lilikuwa jambo la nadra, kwa sababu kati ya watoto zaidi ya 16,000 waliopokelewa hadi mwaka 1760, waliorudishwa kwa wazazi walikuwa 152 tu.

Sitakuomba uandike maisha ya mama yule, kwani hayo ni yake. Lakini chukua ile miaka minane na umuumbe mwanamke wako mwenyewe ndani yake. Nusu ya moyo ameificha wapi? Akitokea mwanamume anayemtaka kwa heshima, atamwonyesha kitambaa hicho kabla ya ndoa, na hivyo kuhatarisha nyumba ambayo ndiyo ingemwezesha kumrudisha mtoto? Kwa upande wa usemi wa watu wa kawaida, soma ripoti za kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, za kuanzia mwaka 1674 hadi 1913, ambazo zinapatikana bure kwenye intaneti. Humo mashahidi wanaeleza nani alilala chumba gani, shuka iliibwa kutoka wapi na mtu alisema nini alipokamatwa.

SWALI: Je, ni lazima shujaa wangu wa kike awe mwasi anayezidharau desturi za wakati wake?

JIBU: Si lazima, na mara nyingi inapunguza nguvu ya hadithi. Binti anayeamini kwa moyo wake kwamba kumtii baba ni haki, kisha akampenda mtu ambaye baba amemkataa, anapigana na nafsi yake kila ukurasa. Mwasi ameshaamua tangu ukurasa wa kwanza.

SWALI: Wapenzi wangu wanatoroka usiku mwaka 1860, wanafika Gretna Green na kuoana asubuhi hiyohiyo. Mwalimu wangu anasema haiwezekani. Je, niifute sura nzima?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi, lakini usiifute. Sheria iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1754 ilibana ndoa za walio chini ya miaka 21 wasio na ridhaa ya wazazi, na kwa kuwa haikuihusu Uskoti, wapenzi walikimbilia Gretna Green, kijiji kilicho karibu kabisa na mpaka. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1856 ilitaka angalau mmoja wao awe mkazi wa Uskoti au awe ameishi huko siku 21 kabla ya ndoa. Wewe umewapa asubuhi moja. Wape hizo siku 21. Wapangishe vyumba viwili tofauti, fedha zipungue, mvua iwafungie ndani, naye binti kwa mara ya kwanza amwone mpenzi wake akiwa amechoka na mwenye hasira, huku kila gari la farasi linalosimama nje likiweza kuwa la baba yake.