Nionyesheni upande wa nyuma

Swali lenu la wiki hii ni hili: ni kazi gani ya sanaa uliyoiona Nairobi mwaka huu, isiyo mchoro wala sanamu, na ilikuvutia kwa nini? Yangu ni kwilti ya leso niliyoikuta kwenye maonyesho ya kwilti upande wa Gigiri. Ila niruhusuni nianze na zile ambazo hazikunivutia.

Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule Kariobangi. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenishawishi kwenda. Kwa asiyezijua, kwilti ina matabaka matatu: juu vitambaa vilivyokatwa na kuunganishwa, katikati pamba, chini bitana. Kisha hupigwa bandi, yaani mishono ya kupitisha sindano juu na chini, inayopenya yote matatu ili pamba isihame ikajirundika upande mmoja. Bandi hiyo ndiyo kwilti yenyewe. Iondoe, utabaki na shuka la viraka.

Ukumbini watu walikuwa wamejazana mbele ya tembo. Palikuwa na tembo, twiga, chui juu ya mti, na machweo ya Mara yasiyopungua matatu. Kila aliyefika alitoa sifa ileile: "Ala! Utadhani picha!" Kazi ilikuwa safi, sikatai. Ngozi ya yule tembo ilijengwa kwa vipande vya kijivu vya kila aina, hata kipande cha suruali ya suti kilikuwemo, na mikunjo ya magoti ilichorwa kwa uzi mtupu. Lakini ikiwa sifa kuu ya kwilti ni kufanana na picha, si mtu angechukua tu brashi na rangi akamaliza mapema?

Ile ya leso ilitundikwa pembeni, karibu na meza ya chai, mahali watu wanapopita wakitafuta sukari. Leso mnaijua: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, chini ya mji. Aliyeishona alizikata leso nyingi, mapindo akayafanya vichochoro vinavyokatizana, majina akayatawanya kote. Hapa unasoma WEMA, na HAUOZI yake iko viraka vitano mbele, imepinduliwa kichwa chini. Kati yao pamepachikwa HARAKA na nusu ya BARAKA. Ukifuata mstari kwa kidole (kwa mbali, maana kugusa hakuruhusiwi) ni kama kusikiliza abiria wote wa matatu wakiongea kwa wakati mmoja.

Kilichonishika zaidi ni wekundu wake. Palikuwa na nyekundu ya leso mpya, bado ina ule ung'aavu wa dukani, na ubavuni mwake nyekundu ya leso iliyofuliwa na kuanikwa miaka na miaka hadi ikaelekea rangi ya tofali. Hiyo ya pili huinunui Biashara Street wala Eastleigh. Mtu aliivaa, akabebea mtoto, akafutia mikono, kisha ikafika hapa. Kitambaa kilibaki kitambaa, hakikulazimishwa kuwa mguu wa tembo.

Sasa niseme kama fundi. Kwenye sare naacha mshono mpana, maana mtoto atakua na mama yake atarudi nimfungulie. Washona kwilti huacha robo inchi tu. Hapo hakuna pa kujificha: ukipotea milimita 1 kwa kila mshono, na upana una mishono 30, mwisho wake umepotea sentimita 3 na kona hazikutani tena. Leso ni nyepesi na huvutika, hasa ikikatwa hanamu. Kona za kazi ile zilikutana zote. Nilizikagua hadi mlinzi wa meza akaanza kuniangalia vibaya.

Nikamwomba anionyeshe upande wa nyuma. Maonyesho ya namna hii huwa na mhudumu mwenye glavu nyeupe wa kukufunulia, na hapo ndipo mjadala unapoishia, kwa sababu mbele unaweza kudanganya. Nyuma hapakuwa na fundo hata moja, na bandi ilikuwa imelala sawa kama ya mbele. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa anakunywa chai pale karibu akacheka.

"Wewe ni fundi," akasema. "Wengine huuliza bei kwanza."

"Shikamoo, mama. Ni yako?"

"Marahaba. Yangu, ndiyo. Na bei pia uulize, usiogope."

Bei niliiona na nikanyamaza. Baadaye nikapiga hesabu. Mshonaji mzuri wa mkono hupata bandi 8 hadi 10 kwa inchi. Kwilti ya mita 2 kwa 2, mistari ikiachana inchi moja, inakula bandi kama 50,000 hadi 60,000 hivi, na hapo hujahesabu kukata, kupiga pasi wala kuunganisha juu. Bei ile haikuwa ghali. Mimi tu ndiye sikuwa nayo.

Mambo haya ya bei si mapya. Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona kwilti ya visa vya Biblia, watu na wanyama wakiwa vivuli vilivyokatwa na kubandikwa kwa sindano. Shida zilipombana aliiuza kwa dola 5, baada ya kuomba 10. Leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Ukiitazama utaona kwamba sina ugomvi na picha ndani ya kwilti: mnyama wake ni mnyama wa kitambaa, hajifanyi kuwa na manyoya.

Kwetu sisi wa pwani hii ya bahari wapo walio karibu zaidi. Wasiddi wa Karnataka, India, ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao kama watumwa. Wanawake wao hushona kwilti ziitwazo kawandi kutokana na nguo kuukuu. Huanzia pembeni, wakizunguka kuelekea kati, kiraka baada ya kiraka, bila mchoro wa kufuata, na kwenye kona huweka kipande kilichokunjwa kiitwacho phula, yaani ua. Wenyewe husema kwilti isiyo na phula iko uchi. Yule mama wa leso alikuwa ameweka pembetatu ndogo kwenye kila kona. Sikumuuliza kama alizitoa huko, na sasa najilaumu kidogo.

Kwa waandaaji nina ombi moja. Mwakani msizibandike kwilti ukutani. Zitundikeni katikati ya ukumbi, watu wazunguke, na kwenye kibandiko cha bei ongezeni saa za kazi. Tembo naye atundikwe vivyo hivyo, tuone nyuma yake kukoje.