Toka Nyuma ya Ukuta: Ushauri kwa Waliokwama Kwenye Vanquish

Juma lililopita kijana mmoja wa Pongwe aliniandikia ujumbe mfupi wa masikitiko. Baada ya shikamoo na kunijulia hali, alieleza kwamba amekufa mara 23 mbele ya Argus, roboti kubwa la kwanza katika gemu la Vanquish, na kwamba anafikiria kumrudishia diski mtu aliyemwuzia. Nimemwambia asiirudishe. Maelezo yaliyobaki ni marefu kuliko yanayofaa kuandikwa kwenye simu, hivyo nayaweka hapa, hasa kwa kuwa usiku wa Ijumaa nililimaliza gemu hilo katika ngazi ya Hard, yaani ngumu, na sioni sababu ya kuficha furaha yangu.

Vanquish ilitoka mwaka 2010 kwa ajili ya mashine za gemu za PlayStation 3 na Xbox 360, ikiwa kazi ya PlatinumGames ya Japani chini ya uongozi wa Shinji Mikami, na mwaka 2020 ikatolewa upya kwa ajili ya PlayStation 4 na Xbox One. Unamwona shujaa wako, Sam Gideon, kwa nyuma, akiwa amevaa vazi la kivita lenye roketi zinazomfanya aserereke kwa magoti kama mtoto kwenye sakafu yenye maji ya sabuni. Na ukilenga bunduki wakati anaserereka, kila kitu hupungua kasi kiasi cha kuziona risasi zikipita hewani. Vazi hilo, hata hivyo, hupata moto. Likizidiwa, huwezi kuserereka wala kupunguza kasi ya muda mpaka lipoe, na sekunde hizo chache ndizo zinazoua watu wengi.

Mimi zilinifedhehesha. Nililicheza gemu hili kwa mara ya kwanza katika kibanda kimoja cha gemu kule Ngamiani, nikilipia kwa nusu saa, huku vijana waliokuja kucheza mpira wakisubiri nyuma ya benchi langu. Nilikuwa na kawaida niliyoizoea katika magemu mengine ya bunduki: kujibanza nyuma ya ukuta, kuchungulia, kupiga risasi mbili, kurudi. Roboti zikaniandama kutoka kushoto na kulia, ukuta wenyewe ukavunjika, nikafa. Nikarudia, nikafa tena kwa namna ileile. Mara ya 11 mwenye kibanda alinigusa bega akasema, mbele ya watoto wale wote, "Mzee, hili si gemu lako, hamia kwenye mpira." Wakati huo nilikuwa na miaka 34. Sijakanyaga tena pale, na nikipita mtaa ule naangalia upande wa pili, ingawa mke wangu anasema yule bwana bila shaka amekwisha kunisahau.

Baadaye nilinunua PlayStation 3 iliyotumika pamoja na diski ya gemu hilo hilo, nikaiweka sebuleni kwetu Chumbageni. Miezi mitatu ya mwanzo haina la kusimulia. Nilikuwa nikifa nyumbani badala ya kufa kibandani, na aliyecheka sasa alikuwa shemeji yangu.

Kilichonigeuza ni usiku mmoja ambao niliamua kutoitazama bunduki kabisa, nikatazama kipimo cha joto la vazi peke yake. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikiserereka mpaka kipimo kinajaa, kisha najikuta nimesimama katikati ya uwanja bila msaada wowote. Vilevile nilikuwa naipenda mno ngumi, kwa kuwa inavunja roboti dogo kwa pigo moja, bila kujali kwamba pigo hilo moja hulimaliza vazi nguvu zote. Jambo baya zaidi ni kwamba unapokaribia kufa, vazi lenyewe hupunguza kasi ya muda ili upate nafasi ya kukimbia. Ukiwa umekwisha kulichosha kwa mbwembwe, nafasi hiyo huipati. Kwa hiyo, mdogo wangu wa Pongwe, serereka kidogo, achia kabla kipimo hakijafika mwisho, jifiche kwa muda wa vazi kupoa tu, kisha toka. Ukuta ni mahali pa kupumulia. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini hawakuwahi kukutana na roboti hizi, ambazo humwahi mwenda pole kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuhusu silaha nitasema jambo moja. Unabeba tatu, na ukiokota silaha ya aina uliyonayo huku risasi zako zimejaa, silaha hiyo huongezeka ubora. Vijana wengi humwaga risasi ovyo, kisha wanapoikuta bunduki njiani inawajazia tu risasi walizozipoteza. Chagua moja uitunze ikiwa imejaa. Mimi niliitunza bunduki nzito ya rashasha, na sikujuta.

Sasa Argus. Usimpige popote unapopaona. Lenga sehemu zinazong'aa rangi nyekundu, na ukimwona anakusanya mwanga kwa ajili ya ule mwali wake mkubwa, acha kila ulichokuwa unafanya, userereke upande, kwa maana mwali huo unaua mara moja. Hii ndiyo sababu ninasisitiza joto, na nitasisitiza tena: anayefika kwenye mwali akiwa na vazi lililochoka amekwisha kufa, hata kama bado amesimama. Vijana wa siku hizi mnataka kupiga kwanza na kufikiri baadaye, mnatafuta njia za mkato kwenye video za watu wengine, halafu mnalaumu pedi ya kuchezea. Kagua pedi, ni kweli, kwa kuwa hewa ya chumvi ya huku kwetu Tanga haiachi kitu salama, na kama luninga yako ina mpangilio wa gemu, uwashe, maana picha inayochelewa itakuponza. Lakini mara zote 23 haikuwa pedi. Ulikuwa wewe, kama nilivyokuwa mimi, na nakuambia haya kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia isipokuwa kwa kunicheka.

Ijumaa mwisho wa gemu ulinikutanisha na maadui wawili kwa pamoja, mmoja mwekundu na mwingine wa buluu, na nikawashinda katika jaribio la nne. Hata majina ya watengenezaji mwishoni hayapiti kwa utulivu: unapewa vimondo vyenye nyuso zao uvipige risasi. Shemeji alikuwa ameketi pembeni muda wote huo. Hakusema neno, aliuliza tu kama chai ipo, na nilipotoka jikoni na kikombe chake nikamkuta ameishika pedi.