Kifaa cha mkononi kinasema nalala kidogo: nikiamini?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina umri wa miaka 51 na nina duka la nafaka karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Mwezi wa saba kijana wangu aliniletea saa ya mkononi inayopima usingizi. Ninapanda kitandani saa nne usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, lakini kila siku inaniandikia kwamba nimelala saa 6 na dakika 10 hivi, na kwamba usingizi mzito ni dakika 40 tu. Redioni nilisikia kwamba mtu mzima asipolala saa 7 anajitafutia maradhi. Mchana sisinzii, ila tangu nianze kuiangalia nina wasiwasi, na joto hili la Oktoba limezidisha. Je, niiamini? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Asante, ndugu yangu, nimeshapoa. Neno "saa" litatuchanganya, kwa kuwa ipo uliyoivaa, ipo saa nne ya kupanda kitandani, na zipo saa 6 za usingizi. Kwa hiyo ile ya mkononi nitaiita kifaa, ili nisilazimike kuandika "masaa" na kukaripiwa na walimu wa Kiswahili.

Kifaa hicho hakijui kama umelala. Ndani yake kuna kipima mwendo kinachohisi mkono unapotikisika, na vingi vina taa ndogo ya kijani upande wa ngozi, ambayo utaiona ukikigeuza gizani, inayosoma mapigo ya moyo kwa kufuatilia damu inavyopita. Mkono ukitulia na mapigo yakishuka, programu hukadiria kwamba umelala. Katika maabara ya usingizi mtu hubandikwa nyaya ndogo kichwani zinazosoma umeme wa ubongo, na nyingine pembeni mwa macho na kidevuni. Hizo ndizo zinazotofautisha usingizi mwepesi, usingizi mzito, na ule wa ndoto ambao Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliueleza mwaka 1953, baada ya kuona macho ya watu waliolala yakichezacheza chini ya kope. Kifaa chako kinapima mkono na kuubashiri ubongo. Mtu akiwa amelala, kwa kawaida kifaa humtambua hivyo. Mtu akiwa ametulia kitandani ilhali yu macho, hukosea mara nyingi zaidi, na katika kugawa hatua za usingizi ubashiri huwa dhaifu. Kwa hiyo zile dakika 40 zisikunyime raha. Mimi ningeacha kabisa kuufungua ukurasa huo.

Saa 6 na dakika 10 zinahitaji maelezo marefu kidogo. Ni kweli kwamba mwaka 2015 wataalamu wa usingizi nchini Marekani walipendekeza mtu mzima alale saa 7 au zaidi. Lakini sehemu kubwa ya tafiti zilizozaa pendekezo hilo ziliwauliza watu wenyewe hulala kwa muda gani, na mtu akiulizwa hivyo huhesabu tangu alipozima taa hadi alipoamka, bila kutoa dakika alizokuwa akigeukageuka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watu 669 wa Chicago walipimwa kwa kifaa cha mkononi, wakaonekana kulala wastani wa saa 6. Walipoulizwa, wastani wa majibu yao ulikuwa saa 6.8. Wewe ni mtu wa nafaka: huwezi kununua mahindi kwa debe na kuyauza kwa kilo kabla ya kujua debe lile lina kilo ngapi. Redio imekupa debe, kifaa kimekupa kilo. Kwa kipimo cha redio, wewe uko kitandani saa 7 na nusu.

Ushahidi mwingine unatoka jirani. Utafiti wa mwaka 2015 uliwavalisha vifaa vya namna hiyo Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, ambao hawakuwa na umeme majumbani. Makundi hayo yalikaa usingizini, tangu kusinzia hadi kuamka, kwa wastani wa kati ya saa 6.9 na 8.5, lakini usingizi wenyewe ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1. Namba yako imo humo humo. Hata hivyo nisieleweke kwamba kulala kidogo hakuna madhara kwa kila mtu. Mhadzabe hutembea mwendo mrefu juani kila siku, nawe unakaa kwenye kiti dukani.

Utafiti huo huo unagusa joto lako. Watu hao hawakulala jua lilipozama, bali kwa wastani saa 3 na zaidi baadaye, hewa ikiwa inapoa, kwa sababu mwili huingia usingizini kwa kupoteza joto kupitia ngozi. Hapa Dodoma wengi hulilaumu bati, lakini bati hupoa mapema. Zinazokusumbua saa tano usiku ni kuta za tofali zilizokunywa jua mchana kutwa. Fungua madirisha yenye wavu mara upepo wa jioni unapoanza, sogeza kitanda mbali na ukuta wa magharibi, uoge maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala, ambayo huvuta damu kwenye ngozi na kuusaidia mwili kupoa. Chandarua usikiondoe.

Kifaa chenyewe kiweke kabatini kwa wiki mbili, kwani wasiwasi wa kuhesabu usingizi nao hufukuza usingizi, na kila asubuhi uandike kwenye daftari la duka ulivyoamka na kama ulisinzia jana yake. Nenda hospitali ukianza kusinzia mchana, hasa ukiwa unaendesha chombo cha moto, au ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki kwa muda wa miezi 3. Muulize pia mkeo kama unakoroma kisha pumzi inakatika na kurudi kwa kishindo. Akisema ndiyo, nenda wiki hii, hata kama kifaa kinakuandikia saa 8.